Sura ya Saba: Taa za Nyuma Hazikuwaka

Jumatatu, tarehe tisa Machi. Mvua nyepesi ilianza kabla ya mapambazuko, na hadi watu walipokuwa wakienda kazini ilikuwa bado haijaamua kama itaongezeka au itakwenda zake. Inspekta alisimama chini ya ukingo wa paa la gereji, akakung'uta koti lake, akashukuru kwa jambo moja. Gari lililogonga lilikuwa ndani, chini ya bati, tangu Jumamosi lilipovutwa kutoka uwanjani. Mvua haikuwa imeligusa.

Alifumba macho kidogo. Konstebo wake alikuwa ameizoea tabia hiyo, kwa hiyo alishika kufuli akangoja. Inspekta hakuomba mengi. Aliomba asimfunge mtu kwa haraka, wala asimwachie mtu kwa huruma. Kisha akafumbua macho.

"Fungua," alisema. "Na Fundi mteremshe."

Fundi aliteremka kutoka gari la polisi akiwa na pingu. Alikuwa kijana mwenye mabega mapana na macho ya mtu aliyelala vibaya. Kesi yake ilionekana nyepesi. Jumamosi, katikati ya mbio, dereva wa timu yao, ambaye watu wote walimwita Kipanga, alifika kwenye kona kali bila kupunguza mwendo, akakata eneo la kokoto, akaingia kwenye ukuta wa matairi. Sasa alikuwa hospitalini, mguu umevunjika na taya limefungwa kwa nyaya, hawezi kutamka neno. Gari lilipokaguliwa jioni ile, paipu ya breki ya gurudumu la nyuma ilikutwa imekatwa kwa kitu chenye makali. Na mtu pekee aliyeshughulikia breki asubuhi ya mbio alikuwa Fundi.

Kibaya zaidi, Kipanga alikuwa shemeji yake. Alimwoa dada yake wa tumbo moja. Na dada huyo ndiye aliyewaambia polisi kwamba aliwasikia wakigombana kabla ya mbio, na kwamba mdogo wake alimwambia mumewe, "Mzigo huu utakuja kukuua."

Mkuu wa kituo alitaka Fundi afikishwe mahakamani adhuhuri ya siku hiyo kwa kosa la kujaribu kuua. "Paipu imekatwa, ugomvi upo, shahidi ni ndugu yake mwenyewe," alikuwa amesema. "Unangoja nini tena, muhuri kutoka mbinguni?"

"Nangoja nilione gari, mkuu," Inspekta alijibu.

Ndani kulikuwa na harufu ya mpira na grisi. Watu wawili walikuwa wamekwisha kufika kwa mlango wa nyuma, kama alivyowaomba. Mke wa Kipanga alisimama kando ya meza ya vifaa, amejifunga kitenge mabegani, na mdogo wake alipoingia aligeukia ukuta. Baba yao alikaa juu ya matairi yaliyopangwa. Ndiye aliyeanzisha timu ile, na ndiye aliyeisimamia. Watu wa mbio walimwita Mzee Mistari.

"Shikamoo, baba," Fundi alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Dada."

Mke wa Kipanga hakugeuka. "Mwambieni huyo mtu asiniite dada."

Inspekta alivua koti, akalitundika kwenye msumari, akaliendea gari. Ubavu wa kushoto ulikuwa umejikunja kama karatasi iliyofinywa ngumini.

"Fundi, mimi mambo ya mbio siyajui," alisema. "Nieleze kama unavyomweleza mtoto wa darasa la kwanza. Hili ni gari gani?"

"Ni gari la kawaida, Afande."

"La kawaida vipi?"

"Tazama milango minne. Tazama taa. Hata umbo lake ni lile lile unaloliona barabarani. Kuna magari ya mbio yaliyotengenezwa kwa mbio tu, yenye mabawa na kiti kimoja, magurudumu yako nje kama miguu ya panzi. Haya yetu sivyo. Haya lazima yatokane na gari ambalo mtu yeyote anaweza kulinunua dukani. Ndiyo maana watu wanayapenda. Mtu akikaa jukwaani anaona gari la jirani yake likikimbizana na gari la bosi wake."

Konstebo alichungulia dirishani. "Ni kweli, Afande. Mjomba wangu analo hili hili. Anapelekea watoto shule."

"La mjomba wako lina redio," Fundi alisema.

"Lina redio, lina zulia, lina hata harufu ya samaki."

"Basi toa vyote hivyo. Toa viti, bakiza kimoja cha dereva. Toa zulia, toa kila kinachoongeza uzito mpaka ibaki sakafu ya chuma tupu. Halafu jenga kizimba cha mabomba ndani, ili likipinduka paa lisimlalie dereva. Matairi ya barabarani weka kando, livishe haya vipara yasiyo na michirizi, yanashika lami kama gundi. Hilo ndilo gari letu. Nje ni bwana harusi, ndani ni mifupa."

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, mzee alitabasamu kidogo, kama mtu anayesikia maneno yake mwenyewe kinywani mwa mwanawe.

Inspekta alipiga magoti upande wa abiria. Pale ambapo kiti kingekuwa, sakafu ilikuwa na mabamba manne mazito ya kijivu, kila moja upana wa daftari la shule. Kila bamba lilikuwa limepenyezwa kwenye bolti mbili za chuma zilizochomelewa sakafuni, likabanwa kwa nati.

"Umesema mnaondoa uzito. Haya ni nini?"

"Huo ndio mzigo wa mshindi," Fundi alijibu. "Kwenye mbio hizi, ukishinda leo, mbio zinazofuata unabebeshwa risasi. Ile ya kuyeyusha, si ya bunduki. Ukishinda tena unaongezewa. Lengo ni kwamba mwenye nguvu asiwaache wenzake mbali, watu wakasinzia jukwaani. Kipanga alishinda mara mbili mfululizo."

"Huu ndio mzigo uliosema utamuua?"

Mabega ya dada yake yalisogea kidogo.

"Ndio huu. Yeye alitaka mabamba yote yasogezwe mbele kabisa, karibu na miguu. Alisema gari litageuka vizuri. Mimi nikamwambia hapana, nyuma kidogo. Tukapigiana kelele. Mwisho nikafanya alivyotaka, maana yeye ndiye anayekaa ndani." Fundi alishusha pumzi. "Shemeji yangu ana kichwa kigumu, Afande. Lakini ndiye aliyenifundisha kuendesha."

Mke wa Kipanga alisema akiwa bado ameelekea ukuta, "Maneno matamu hayaungi mfupa."

Inspekta alilala chali juu ya ubao wenye vigurudumu ambao mafundi hutumia, akaomba tochi, akajisukuma chini ya gari upande wa nyuma. Paipu iliyokatwa ilikuwa pale, nyembamba kama penseli, mdomo wake umekatwa sawasawa. Mtu yeyote angeridhika na hapo, na wakaguzi wa Jumamosi waliridhika. Yeye alihamisha mwanga kwenye madigadi, sehemu inayolifunika tairi kwa ndani.

Vumbi la kokoto lilikuwa limepaka kila kitu weupe. Kutoka kwenye paipu, mafuta ya breki yalikuwa yameteremka na kuacha njia nyeusi katikati ya vumbi hilo, kama machozi kwenye uso uliopakwa unga. Chini ya hapo, kwenye sakafu ya gereji, kulikuwa na dimbwi dogo lililokauka kingo.

Alikaa chini ya gari muda mrefu kiasi kwamba Konstebo aliuliza kama amekwama.

"Konstebo, ukijipaka mafuta halafu ukapita kwenye vumbi, unakuwaje?"

"Nanasa vumbi mwili mzima, Afande."

"Na ukipita kwenye vumbi kwanza, halafu mafuta yakamwagika?"

"Yanaosha njia yake."

"Njoo utazame, kisha uniambie kipi kilitangulia."

Konstebo aliingia, akatoka na magoti machafu. "Vumbi lilitangulia," alisema polepole. "Lakini Afande, vumbi amelipata kule kwenye kokoto. Wakati huo ameshakosa kona."

"Naam." Inspekta alijisukuma nje, akakaa kwenye ule ubao. "Paipu hii ilikatwa baada ya ajali, humu ndani. Dimbwi ndilo hilo. Aliyeikata hakumwangusha Kipanga."

Mke wa Kipanga aligeuka sasa. Alimtazama Inspekta, si mdogo wake. "Basi kilichomwangusha ni nini?"

"Ndicho nilichojia. Konstebo, ile video."

Mtazamaji mmoja alikuwa ameurekodi mkasa kwa simu, na Konstebo alikuwa amemtafuta Jumapili nzima hadi akampata. Simu iliwekwa juu ya meza ya vifaa. Picha zilitikisika, watu wakapiga mayowe, magari matatu yakaja yamefuatana karibu kugusana. Yalikata kona ya kushoto kwa kasi. Baada ya hapo palikuwa na kipande kifupi cha barabara iliyonyooka, kisha kona kali. Mbele ya kona hiyo taa nyekundu za gari la kwanza ziliwaka. Za gari la tatu ziliwaka. La katikati, la Kipanga, lilipita giza hadi kwenye kokoto.

"Rudisha," Inspekta alisema. Wakaitazama tena. "Fundi. Umesema magari haya yana taa kama magari ya barabarani. Taa ya breki inawaka lini?"

"Dereva akikanyaga pedali."

"Paipu ikiwa imekatwa, akakanyaga, je?"

Fundi alikanyaga hewa kwa mguu, kama anayejaribu pedali. Kisha akasema, "Inawaka. Taa haijui habari za mafuta, Afande. Inajua pedali tu."

"Basi ama Kipanga hakukanyaga..."

"Kipanga akanyage wapi tena kama si pale?" mkewe alimkatiza. "Kona ile anaijua kuliko ngazi za nyumbani kwake!"

"...ama alikanyaga, na pedali ikakataa kushuka. Kulikuwa na kitu chini yake."

Mvua ilisikika juu ya bati. Inspekta alirudi upande wa abiria, akapiga magoti tena, na safari hii hakutazama sana mabamba. Alitazama nati zilizoyabana. Kila nati ilikuwa na mstari wa rangi ya njano ulioanzia juu yake ukashuka hadi kwenye bamba.

"Mistari hii ni ya nini?"

Fundi alijibu bila kufikiri, kama mtu anayesema kitu alichokariri utotoni. "Nati ikikazwa inapigwa mstari. Ikilegea, inazunguka, mstari unakatika, unaona kwa jicho tu. Na hapa kwetu kuna sheria: anayekaza hapaki, anayepaka hakazi. Anayepaka lazima ajaribu kwanza kwa mkono wake. Kwa hiyo nati ikiwa na mstari, ujue watu wawili wameishika."

"Aliyeweka mabamba Jumamosi ni nani?"

"Mimi."

"Aliyepaka?"

Fundi aliangalia upande wa matairi. "Baba. Baba ndiye hupaka siku zote. Ndiyo maana wanamwita Mzee Mistari."

Inspekta aliweka kidole kwenye bamba la kwanza. Mstari ulinyooka. La pili ulinyooka, la tatu pia. Kwenye bamba la nne, lililo karibu zaidi na miguu ya dereva, rangi ya juu ya nati ilielekea kwenye mlango, na rangi ya kwenye bamba ilielekea kwenye injini. Nati zote mbili zilikuwa hivyo. Alijaribu kuzizungusha kwa vidole. Zilikuwa zimekazwa kama zilizochomelewa.

"Zimepakwa, halafu zikazungushwa," alisema. "Na zilizungushwa kukazwa, si kulegezwa. Yaani zilipopakwa rangi hazikuwa zimekazwa."

Alimfungua Fundi pingu, akampa spana. "Litoe."

Bamba lilipotoka, Inspekta alilipeleka kwenye mwanga wa mlango. Risasi ni laini, hupokea alama kama sabuni. Kwenye ukingo mmoja kulikuwa na kovu lenye upana wa kidole gumba. Alilichukua, akaenda upande wa dereva, akalilaza sakafuni nyuma ya pedali ya breki na kulisukuma. Shina la pedali liliingia kwenye lile kovu kama ufunguo kwenye kitasa. Akabonyeza pedali kwa mkono. Haikushuka hata kidogo.

"Mtetemo hufungua nati, na kona ya kushoto hutupa vitu kulia," Fundi alinong'ona. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Sakafu tupu. Hakuna zulia la kulizuia."

"Fundi, kwa nini bamba la nne hukulikaza?"

"Nililikaza..." Alisita. Alikaa chini pale pale, juu ya sakafu. "Hapana. Niliweka nati kwa vidole. Nikaenda kuchukua spana kubwa. Kipanga akaniita, gurudumu la mbele linapungua upepo. Nikashughulikia gurudumu. Niliporudi nikakuta nati zina mstari." Alimtazama baba yake. "Nikakuta mstari, baba. Nikajua umenimalizia. Nikasema moyoni, baba ameona nimechelewa, amenikazia."

Mzee Mistari alikuwa ameinama, viganja vyake vimefunika magoti.

"Mzee," Inspekta alisema kwa upole, "jana ulikuja kituoni na chakula cha mwanao. Uliniuliza kitu. Uliniuliza, mkimpata aliyekata paipu, atafungwa muda gani? Hukuniuliza, mkimpata aliyetaka kumuua mkwe wangu. Niliondoka na swali hilo hadi nyumbani."

Mzee aliinua kichwa. Alizungumza na wanawe, si na askari.

"Nilipita na brashi yangu. Nikakuta nati zote zimekaa mahali pake. Nikasema, hii ni kazi ya mwanangu, naijua. Nikapaka. Sikuzishika." "Ninyi nyote mlipokimbilia hospitali, nilibaki kufunga gereji. Nikalikuta bamba chini ya pedali. Nikaona jina la mwanangu limekwisha. Watasema fundi amesahau nati, amemmaliza shemeji yake kwa uzembe. Nikalirudisha, nikaokota nati zake, nikakaza. Nikakata paipu. Nikadhani watasema ni mtu wa nje, adui wa timu. Sikujua aliyegusa breki alikuwa mmoja tu."

"Ulimwokoa kwenye mvua ukamtupa mtoni, baba," mke wa Kipanga alisema. Sauti yake haikuwa kali. Ilikuwa imechoka.

"Nilimwona anafungwa pingu, nikasema kesho nitasema. Kesho yake nikapika, nikapeleka chakula, nikasimama mlangoni, ulimi ukawa jiwe."

"Na mistari?" Inspekta aliuliza. "Brashi ilikuwa mkononi mwako. Ungeipaka upya, nisingeona chochote."

"Nilichovya brashi, Afande. Mkono ukakataa." Alitazama kiganja chake. "Ile ya kwanza nilipaka uongo bila kujua. Ya pili ningekuwa najua."

Inspekta alitikisa kichwa taratibu. Aliitazama saa ya ukutani. Adhuhuri ilikuwa bado mbali, na mkuu wa kituo angepiga kelele, lakini angepiga kelele juu ya jalada jingine.

"Fundi, wewe uko huru kwa kosa la kujaribu kuua. La uzembe wataliangalia watu wa mbio, nawe utawaeleza kama ulivyonieleza. Mzee, kuharibu ushahidi ni kosa, na kumwacha asiye na hatia ndani ukijua ni jambo zito zaidi. Utaandamana na sisi. Pingu sikuvishi, ukiniambia hazihitajiki."

"Hazihitajiki."

Mzee alisimama. Fundi naye alinyanyuka, akasugua vifundo vya mikono, hajui akae upande gani wa gereji. Mke wa Kipanga aliivuka sakafu, akapita kando ya gari lililogonga, akasimama mbele ya mdogo wake. Alimtazama kama anayetafuta jeraha. Kisha akavua kitenge mabegani, akamfunika nacho, maana Fundi alikuwa bado na shati lile lile la Jumamosi.

"Mdogo wangu," alisema. "Nisamehe. Nilisema nilichokisikia. Sikusema ninachokijua."

"Yameisha, dada."

"Hayajaisha." Alimgeukia baba yake. "Mume wangu amelala kule, na tangu Jumamosi anafikiri mtu alitaka kumuua. Akifumbua macho anatazama mlango. Nani atamwambia? Mimi? Afande? Baba, sema hapa hapa. Sema kwa sauti, askari wasikie, na huyu uliyemnyamazia asikie."

Mzee Mistari aliliendea lile bamba la nne lililokuwa limelala sakafuni. Akaliinua kwa mikono miwili, likamlemea, lakini Konstebo aliposogea kumsaidia alitikisa kichwa.

"Nasema mbele za Mungu na mbele yenu ninyi wanne," alisema, na sauti yake ikajaza gereji. "Leo hii, kabla sijafika kituoni, nitasimama kando ya kitanda cha mkwe wangu na bamba hili mikononi, nimwambie mwenyewe, kwa kinywa changu. Na Mungu akinipa siku ya kurudi humu, sitachora tena mstari juu ya kitu ambacho mkono wangu haujakishika."